Kuni za Shemeji Merle

Merle Stegenga alikuwa mume wa dada yangu Fern kwa miaka arobaini na mitano, na sikumpenda hata siku moja. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akasema nilificha. Kanisani wapo wanaosema kwamba habari zake nazisimulia kwa chuki. Nazisimulia kwa chuki, ndiyo, lakini chumvi sitii. Mimi Geneva Brouwer niliacha shule nilipomaliza darasa la nane, nikaenda kushindilia matango kwenye chupa katika kiwanda cha achari, na mpaka leo wenye vyeti vyao huja kuniuliza mimi ghala la nani liliungua mwaka gani.

Merle alizaliwa shambani, wa kwanza kati ya watoto saba, upande wa magharibi wa Michigan ambako kila jina la mtu ni la Kiholanzi, linaanza na Van au kuishia na -ma au -ga. Baba yake alikuwa na ng'ombe ishirini na msitu mdogo wa mialoni nyuma ya zizi. Merle hakurithi ng'ombe. Alipewa kazi ya kuendesha lori la maziwa, akaliendesha miaka thelathini na minane, akizunguka mashamba alfajiri na kipimajoto mfukoni. Maziwa yakizidi joto kwa digrii mbili hayachukui. Alvin, binamu yake wa damu, aliharibikiwa na mtambo wa kupoza mwaka wa sabini na moja. Akamwambia, "Merle, ni digrii mbili tu, na mtambo unatengenezwa mchana huu." Merle akapanda lori lake. Alvin akamwaga maziwa mtaroni, na mkewe amesimama anatazama mfereji mweupe unavyokwenda. Merle hakuona aibu kulisimulia hilo mezani. Alilisimulia kama wengine wanavyosimulia paa dume waliyempiga risasi.

Dada yangu alimpenda. Sina maelezo.

Kila mwisho wa Agosti walikwenda kupiga kambi kwenye hifadhi ya jimbo ya Ziwa Tamarack, Ijumaa hadi Jumapili, na sisi tuliwafuata. Huko ndiko tulikogombana vizuri zaidi kuliko mahali pengine popote. Merle alikuwa na njia yake ya kusimamisha hema, njia yake ya kukunja kamba, na moto wake ambao lazima uwake kwa njiti moja. Ukiwasha kwa njiti mbili anakutazama kama umeiba.

Sasa nifike mwaka wa themanini na saba. Jumamosi, saa nane mchana, mlinzi wa hifadhi alikuja na karatasi: mama yetu amepelekwa hospitali, hatarajiwi kufika jioni. Mimi nilikuwa nimekuja kwa gari lao, maana mume wangu Wendell alikuwa zamu. Fern aliingia garini mara moja, akakaa na mkoba wake magotini. Merle akachukua ndoo.

"Kwanza moto," alisema.

Alimwaga ndoo ya kwanza. Akakoroga majivu kwa fimbo. Akamwaga ya pili. Akainama akaweka kiganja juu ya majivu, kama daktari, akaenda tena bombani.

"Merle," nikamwambia, "mama anakufa."

"Na msitu je?"

Akamwaga ya tatu. Kisha akakunja hema, maana mahali pa kambi haruhusiwi mtu kupaacha na vitu bila mwenyewe. Akakunja na kamba, kila moja kwa umbo la namba nane, kama kawaida yake. Tulifika hospitali muuguzi anavuta shuka. Tulichelewa dakika ishirini. Muuguzi alituambia mama aliuliza mara mbili wasichana wako wapi. Merle akavua kofia, akasimama mlangoni, asiseme neno la radhi. Hakulisema siku ile, wala kwenye mazishi, wala kwa miaka ishirini na moja iliyofuata mpaka Fern naye akafa.

Fern alipokufa Merle aliuza nyumba, akanunua karavani, akaomba kuwa mwenyeji wa kambi pale Tamarack. Kazi hiyo haina mshahara. Unakaa mahali namba moja, karibu na lango, kuanzia Mei hadi majani yaanguke, hulipi kitu. Na wewe unawaonyesha wageni sehemu zao, unasafisha mashimo ya moto, unawanyamazisha walevi. Majira ya baridi alilala chumba cha chini ya nyumba ya binti yake Joylene, pamoja na mashine ya kufulia. Kwa hiyo ile kambi ndiyo ilikuwa nyumba yake. Hakuwa na nyingine. Lazima hilo lieleweke, kwa sababu mimi nililielewa wakati wote.

Mtaniuliza kwa nini niliendelea kwenda. Hifadhi ni ya jimbo, si ya Merle. Mwanangu Rodney huweka nafasi mwezi Februari, siku ya kwanza inayoruhusiwa, saa mbili kamili asubuhi, amekaa mbele ya kompyuta kidole kimetulia kama cha mtu anayengoja paa atoke kichakani. Akipitwa na dakika mbili, sehemu zote za ziwani zimekwisha. Siwezi kuacha sehemu iliyopatikana kwa jasho hilo.

Kisha ikaja sheria ya kuni. Mialoni ilianza kunyauka, mti mzima unakauka wiki tatu katikati ya kiangazi. Wataalamu wakagundua ni ugonjwa wa kuvu, na unasafiri ndani ya kuni. Basi marufuku kuleta kuni kutoka nyumbani. Utanunua zilizofungwa langoni, ambazo ni msonobari na takataka, zinalia na kurusha cheche na kutoa moshi. Watu wa kwetu hawakulielewa hilo. Tangu babu zetu mtu akienda kambini anabeba kuni zake, na kila mmoja anaamini ugonjwa uko kwenye kuni za jirani.

Rodney alileta zake, nusu ya gari, mwaloni tuliopasua uani. Merle akaja na kile kigari chake cha umeme, ubao wa karatasi mkononi, fulana ya rangi ya machungwa.

"Hizo zimetoka wapi?"

"Nyumbani, Baba Mkubwa. Ni safi, nimezikausha miaka miwili."

"Kila mtu za kwake safi. Pakia humu."

Akamfanya Rodney, mtu mzima mwenye mvi, apakie kuni zake mwenyewe kwenye kigari, kipande kwa kipande, huku watu wa sehemu zote za jirani wameweka chini vikombe vyao vya kahawa wanatazama. Nikamwambia, "Merle, huyu ni mtoto wa shemeji yako."

"Sheria haina shemeji," alisema.

Akaandika jina la Rodney. Onyo moja kwa mgeni. Kwa mtumishi au mwenyeji wa kambi hakuna onyo, ni kuondoka. Hilo alitusomea mwenyewe kutoka kwenye ubao wake, kwa fahari, kuonyesha yeye anabebeshwa mzigo mzito kuliko sisi.

Sasa nafika kwenye safari yenyewe, miaka mitatu iliyopita.

Tulifika Ijumaa, mimi na Rodney tu. Wakati Rodney anahangaika na hema nilichukua ndoo kwenda bombani, na bomba liko hatua kumi kutoka karavani ya Merle. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya moto wake. Nilisimama na ndoo yangu, na pua yangu ikaniambia.

Mimi nimekulia jikoni penye jiko la kuni. Msonobari unanukia dawa. Mwaloni una harufu yake, ina utamu kidogo na uchungu kidogo, kama pipa la siki lililooshwa. Na hauchezi, unawaka kimya. Nikatazama chini ya karavani. Palikuwa na turubai, na chini ya turubai kulitokeza ncha za kuni zilizopasuliwa pembe tatu, ndefu, magome bado yapo. Akina Stegenga peke yao ndio wanaopasua hivyo.

"Umeona nini?" Merle aliuliza. Hakuinuka.

"Naona mwaloni."

"Chota maji uende."

"Huo umetoka wapi, Merle?"

Nilifungua bomba, na ndoo yangu ikajaa na kumwagika.

"Kwa baba," alisema. "Yule aliyenunua shamba amekata mialoni yote, anataka kupanda soya. Mti wa mwisho aliniuliza kama nautaka. Ni safi. Nimeukagua mwenyewe."

"Kila mtu za kwake safi."

Aligeuza shingo akanitazama. Alikuwa na miaka themanini na moja, masikio yamekuwa makubwa, lakini macho ni yale yale ya kupimia maziwa.

"Utanisemea?"

Pale pale, nyuma yake, palikuwa na visiki vitatu vya mialoni iliyokatwa mwaka uliotangulia kando ya bafu, vimepakwa rangi nyekundu. Kila mgeni alipita akivitazama. Yeye ndiye aliyewasomea wageni kwa nini vimekatwa.

Nilimwambia, "Kesho jioni njoo kwetu ule. Ukae mbele ya mwanangu, useme ulitukosesha kumuona mama yetu. Useme ilikuwa vibaya. Ukisema, mimi sikuona turubai wala sijui mwaloni unanukaje."

"Hayo ni mambo ya zamani, Geneva."

"Yana miaka thelathini na minne. Sijasahau hata dakika moja kati ya zile ishirini."

"Huo ni ujambazi."

"Ndiyo," nikasema, nikabeba ndoo yangu.

Sikumwambia Rodney mpaka Jumamosi mchana. Alikuwa anakata vitunguu. Akaweka kisu chini.

"Mama, akifukuzwa hapa atakwenda wapi? Kwenye mashine ya kufulia?"

"Anajua njia ya kwenda huko. Hukaa huko miezi saba kila mwaka."

"Ana miaka themanini."

"Themanini na moja. Mama yangu alikuwa na sabini na tatu."

"Mimi sitaki kuombwa radhi na mtu aliyewekewa kisu shingoni," alisema. "Haina ladha."

"Hukuombwa uionje. Kata vitunguu."

Merle alikuja. Hilo simnyimi. Alikuja amechana nywele kwa maji, shati safi limefungwa mpaka kifungo cha juu, na mkononi fungu la zile kuni za langoni, bado na kamba yake, kama mtu aletaye keki. Akaliweka kando ya shimo letu la moto. Tulikula soseji na mahindi na saladi ya viazi. Alisali kabla ya kula na baada ya kula, kama tulivyolelewa. Rodney aliongea habari za samaki, kisha habari za mvua, akarudia za samaki. Merle alitafuna upande mmoja. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa, na watoto wa sehemu ya jirani walikuwa wakipigana kwa mataulo.

Alipomaliza alifuta mdomo, akakunja karatasi mara nne.

"Rodney," alisema, "mama yako ananitaka niseme jambo."

"Baba Mkubwa, si lazima."

"Nyamaza, naongea. Siku aliyokufa bibi yako nilizima moto kwanza. Tulichelewa. Hayo ni kweli." Akanigeukia mimi. "Moto usiozimwa unachoma msitu. Palikuwa na watu mia mbili hapa, na upepo wa kusini. Nilifanya lililo sawa. Ingetokea leo ningefanya vile vile."

"Na kamba?" nikamuuliza.

"Kamba zipi?"

"Ulikunja kamba, Merle. Kila moja kwa namba nane. Hizo nazo zingechoma msitu?"

Hapo alikunjua ile karatasi yake. Akaikunja tena. Nilidhani neno la radhi limefika, naapa nilidhani limefika, na nilikuwa tayari, nilikuwa nimeshajiandalia na uso wa kulipokea. Rodney alishika chupa ya haradali hakuimimina.

"Sikujua nifanye nini na mikono yangu," Merle alisema.

Nikangoja. Akasimama.

"Hilo ndilo nililonalo. Kama halikutoshi, lango unalijua. Ahsante kwa chakula."

Akaondoka, amenyooka kama mlingoti. Rodney alimimina haradali kwenye sahani tupu.

"Mama, mtu amesema."

"Amesema nini? Habari za mikono yake. Mimi sikumuuliza habari za mikono."

"Kwa Baba Mkubwa hayo ni sawa na hotuba nzima."

"Basi hotuba yake ni fupi."

Nililala juu ya hasira yangu na asubuhi ikawa pale pale chini ya mto, imepoa lakini nzima. Jumapili, saa tatu, nilivaa koti langu la kanisani nikaenda langoni. Mlinzi alikuwa msichana mmoja, Dalrymple, mwenye kofia kubwa kuliko uso. Alikuwa anabandika karatasi za ruhusa za waliokuja kuogelea.

"Habari za asubuhi, mama. Mnaondoka?"

"Nimekuja kutoa taarifa. Mwenyeji wenu wa kambi ana kuni za mwaloni kutoka nje. Ziko chini ya karavani yake."

Aliacha kubandika. Nyuma yangu palikuwa na familia inayosubiri barafu, na baba yao alisikia.

"Mzee Merle?" msichana alisema taratibu. "Labda ni za kwetu, mama. Labda kanunua."

"Za kwenu ni msonobari. Nenda ukanuse."

Akanivuta pembeni, karibu na mashine ya barafu. "Mama, ungeniambia kwa siri ningemwonya. Ameniokolea kazi hapa mara sijui ngapi. Sasa ukitaka niandike, nikishaandika haiko tena mkononi mwangu. Unataka niandike?"

Sitaki mtu anielewe vibaya hapa. Nilikuwa na nafasi. Yule msichana aliniwekea nafasi kubwa ya kutosha gari kupita.

"Yeye hakumwonya mtu kwa siri," nikasema. "Andika."

Alikwenda na mlinzi mwingine, mwanamume. Waliinua turubai. Merle hakubisha. Walipomuuliza kama anajua kanuni aliitamka yote kwa kichwa, pamoja na namba yake, na pale msichana aliposema labda wampigie mkuu wao wamwombee, Merle akamwambia, "Hapana, binti. Mwenyeji hana onyo. Saa saba mchana ndio mwisho wa kuondoka, nitakuwa nimetoka." Rodney alimsaidia kupakia kuni kwenye kigari, kipande kwa kipande. Mimi nilikaa kwenye kiti changu njiani, mahali nilipoweza kuona. Nilijiambia nitafurahi. Nilikaa nikaingoja furaha kama mtu anayengoja basi la mji mwingine.

Saa sita alikuwa amekunja kila kitu, isipokuwa karavani haijafungwa kwenye gari. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anarudisha gari nyuma, mwingine anasimama anaonyesha kwa mikono mpaka kile kichwa cha chuma cha gari kiingie chini kabisa ya mdomo wa karavani. Ndoa nyingi zimevunjikia hapo. Rodney alikuwa amekwenda na kigari kutupa kuni, na walinzi walikuwa langoni wanasajili wageni. Merle akajaribu peke yake. Akarudi nyuma, akashuka, akatazama, akapanda. Kulia mno. Akashuka, akapanda. Kushoto mno. Watu wa sehemu zote za jirani wametoka na vikombe vyao, maana hakuna tamthilia kambini inayopita hiyo. Mara ya tano aligonga chuma kwa chuma, na kijana mmoja akacheka.

Nikainuka. Nikasimama nyuma ya gari lake, upande anaouona kwenye kioo.

"Ondoka hapo, Geneva."

"Rudi nyuma."

"Nitakukanyaga."

"Basi utakuwa na makosa mawili leo. Rudi nyuma. Kushoto. Kushoto kwako, Merle, siyo kwangu."

"Fern alikuwa anasimama upande wa kulia."

"Fern alikuwa anakuogopa. Mimi nasimama pale ninapoona. Bado. Bado. Simama."

Kikaingia. Alishuka, akazungusha mpini, akafunga pingu, akapishanisha minyororo, akaitikisa mara tatu. Mikono yake safari hii ilikuwa na kazi ya kufanya.

"Sitakushukuru," alisema.

"Sikukuomba."

"Ungeweza kungoja Oktoba. Ninaondoka Oktoba hata hivyo."

"Mama naye angeweza kungoja," nikasema. "Dakika ishirini tu."

Alipanda gari. Alitoka kwa mwendo ule ule wa maili tano kwa saa aliokuwa akiwapigia kelele watu wengine waufuate, akaashiria kwa taa kabla ya kukata kona langoni, ingawa nyuma yake hapakuwa na gari. Yule msichana Dalrymple alivua kofia yake kubwa. Mimi sikuinamisha kichwa.

Mwenyeji mpya ni bwana mmoja kutoka mjini anayewasha moto kwa mafuta ya taa. Rodney haweki nafasi tena. Anasema Februari ana shughuli. Merle yuko chini kwa Joylene mwaka mzima sasa, na dirisha lake, wananiambia, liko usawa wa majani. Jumapili kanisani anakaa benchi la tatu upande wa kushoto. Mimi nakaa la nne, ndilo benchi letu tangu enzi ya baba na sihami kwa ajili ya mtu. Namtazama kisogo kwa saa nzima na robo. Hajageuka. Yeye ana neno lake anaona nilimdhulumu, nami nina langu, na kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Na sisi wawili, ukijumlisha, tuna miaka mia moja sitini na minne.